Nililala Bure Kwenye Hoteli ya Mji wa Kale, na Sasa Nataka Kusema Yote

Wasee, wengi wenu mliona zile video tatu za Mombasa. Ile ya mlango wa mbao uliochongwa, ile ya kitanda chenye nguzo nne na chandarua cheupe, na ile ya juu ya paa asubuhi, mimi na glasi ya ukwaju baridi nikitazama mashua. Ile ya paa ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Mabeste wakanitumia ujumbe, "Manze, umeomoka." Hata mamangu, ambaye tangu niache chuo hajawahi kuniuliza kazi yangu inaendaje, aliiweka kwenye stetasi yake. Nilikaa nikaiangalia stetasi ya mamangu kama dakika tano hivi.

Sasa acha niwaambie sehemu ambayo haikuingia kwenye video.

Kwanza, nililala bure. Chumba kile ni shilingi 18,000 kwa usiku mmoja, na kwenye tovuti yao hata hawaandiki shilingi, wanaandika dola. Mimi keja yangu huku Nairobi ni 8,000 kwa mwezi na bado kuna miezi caretaker ananitafuta. Kwa hiyo hapana, sikuwa nimeomoka. Waliniandikia kwenye inboksi wakasema wamependa venye ninaposti majengo ya zamani, wakaniomba niende siku mbili, nao watanipa malazi na chakula. Mimi niwape video tatu. Nauli ilikuwa juu yangu. Na kulikuwa na sharti moja la mwisho kwenye ile barua pepe: nisitaje kwamba kuna makubaliano, "ili ionekane ya asili."

Nilikubali. Sitajifanya hapa kwamba nilifikiria sana. Niliacha chuo mwaka wa pili juu karo ilishinda mzee, na tangu hapo kila mkutano wa familia mimi ndiye mfano wa watoto wengine wasifuate. Hoteli ya maana ikikuandikia, ikuite "mgeni wetu", huanzi kusoma masharti na miwani. Unanunua tiketi ya SGR ya 1,500, unaingia.

Na pili, nilipenda. Hili nataka lieleweke kabla hamjaanza kuniambia nina chuki. Hii ni ile aina ya hoteli wanaiita ya butiki: vyumba nane tu, kila chumba na jina lake, hakuna viwili vinavyofanana, hakuna ukumbi wa mikutano wala watu wa semina wamevaa vitambulisho shingoni. Nyumba yenyewe ni ya mawe, iko ndani ndani Mji wa Kale, ukishatoka Fort Jesus ukaingia Ndia Kuu halafu ukapotea kidogo. Jina Ndia Kuu kwanza lilinifurahisha. "Ndia" ni njia kwa Kimvita. Mombasa hawakungoja Nairobi iwafundishe kuita barabara zao.

Ukiingia tu mlangoni, joto linabaki nje. Ukuta ni mnene, karibu urefu wa mkono wangu. Nje watu wanachemka, ndani uko poa bila AC. Nilidhani kuna mashine mahali. Kumbe ni jiwe la matumbawe na chokaa, na madirisha ya juu yanayovuta upepo wa baharini. Dari ina boriti, zile nguzo za mikoko zimepangwa moja kando ya nyingine. Vyumba vyote ni vyembamba na virefu, nikadhani ni mtindo. Si mtindo. Boriti ya mkoko ina urefu wake, haikui kama unavyotaka, kwa hiyo fundi wa zamani alikuwa anapima chumba kulingana na mti. Yaani upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na msitu wa mikoko. Hizi ndizo vitu ninazopenda kuwaonyesha, na hoteli ile ilinipa nafasi ya kuziona kwa ukaribu ambao singeweza kuulipia.

Usiku wa kwanza nililala kama mtoto. Alfajiri adhana zikaanza, moja karibu, nyingine mbali, kila msikiti na sauti yake. Mji huu una Msikiti wa Mandhry, ambao hutajwa kuwa ulijengwa 1570, yaani ulikuwepo kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593. Nikapanda juu ya paa. Jua linachomoza upande wa Nyali, maji ya bandari ya kale yametulia, majahazi machache yamefungwa. Nikarekodi. Hiyo ndiyo ile video.

Basi siku hiyo hiyo nikampigia nyanya yangu.

Nyanya, mzaa mama, anaishi Likoni. Lakini alizaliwa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Hakuwahi kuwa mtu wa nyumba kubwa. Mamake alikuwa akifua nguo za watu. Nilimwambia, "Nyanya, niko mtaani kwenu, njoo tunywe chai, mimi ndiye mwenyeji leo." Alicheka sana. Akavuka na feri, akapanda tuktuk, akaja amevaa buibui lake la kutokea na mfuko wa mahamri, juu hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata kama huyo mtu ni hoteli ya nyota.

Mimi nilikuwa ndani naongea na wifi ya mapokezi ikate niichukie vizuri. Nilisikia sauti ya askari mlangoni.

"Mama, wafanyakazi wanapita mlango wa nyuma."

Nikainua kichwa. Nyanya amesimama kwenye kizingiti, mfuko mkononi. Hakujibu. Alikuwa anauangalia ule mlango uliochongwa, ule ule niliokuwa nimeurekodi jana yake nikipitisha vidole kwenye maua yake. Juu ya mlango, kwa rangi nzuri ya dhahabu, wameandika KARIBU NYUMBANI.

Nikatoka mbio. "Huyu ni nyanya yangu. Ni mgeni wangu." Yule askari, kijana tu kama mimi, aliaibika mpaka nikamwonea huruma. "Shikamoo mama. Nisamehe, ndivyo tulivyoambiwa." Nyanya akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Huna kosa." Na kweli, sidhani kosa lilikuwa lake. Yeye haandiki sheria. Alikuwa ameambiwa mgeni anafananaje, na nyanya yangu hakufanana.

Halafu dada wa mapokezi, kwa tabasamu na upole wote, akanieleza kwamba watu wasiolala pale wanaruhusiwa kupanda juu kwa shilingi 1,500 kila mmoja, na hiyo inakatwa kwenye chakula. Nikalipa. Nauli yangu ya treni kutoka Nairobi, kwa ajili ya nyanya kupanda ngazi tatu.

Kufikia hapo nilidhani siku imeharibika. Kumbe nyanya ndiyo kwanza anaanza.

Ukumbini kuna ukuta mweupe umewekewa taa ndogo, na chini ya taa wametundika kitu cha mbao. Mimi nilikuwa nimekipiga picha nikidhani ni sanaa. Nyanya akasimama. "Mbona wamemtundika mbuzi?" Wasee, ni mbuzi ya kukunia nazi. Kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Kimefungwa ukutani, miguu juu, ulimi chini, na kijikadi kinasema ni "kiti cha jadi." Nyanya alicheka akashika mbavu. Akamwuliza mhudumu, "Na nazi mwakunia wapi, darini?" Mhudumu naye akaangua kicheko, akakubali kwamba yeye mwenyewe nyumbani kwao Kisauni wanayo moja, lakini hakuna aliyemuuliza.

Nikampeleka chumbani kwangu. Kinaitwa Chumba cha Sultani. Kuna kadi mezani inayosema hapa palikuwa mahali pa mapumziko ya watu wa heshima. Nyanya akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaenda dirishani.

"Hii nyumba naijua," akasema. "Tulikuwa tukija na mama kuleta nguo. Hapa palikuwa ghala. Mchele, makaa, na mafuta ya taa. Sultani gani huyo alilala na makaa?"

Nilikuwa nimelala pale usiku mzima nikijiona mtu.

Tukapanda juu. Alikuwa anapanda polepole, akigusa ukuta. Alipofika paani, pale pale nilipokuwa nimesimama na ile glasi, akatulia. Akanionyesha kwa kidole. "Kamba ilikuwa kutoka hapa mpaka pale. Mama alikuwa akianika shuka za watu, mimi nakaa hapa nazilinda zisipeperuke. Nikiachilia moja ikaenda kwa jirani, napigwa." Akakaa kimya. Halafu akasema, "Upepo ni ule ule."

Nilirekodi hayo yote. Dakika kumi na moja za nyanya yangu juu ya paa, ameshika chai, buibui linapepea, nyuma yake ni bahari, anaeleza nani aliishi nyumba gani, nani alioa nani, bwana gani alikuwa mkali, bibi gani alikuwa akiwapa visheti wakimaliza kazi. Ndiyo video bora zaidi niliyowahi kushika kwenye simu hii.

Na nikaikata.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo, si kwa askari. Askari alimwambia nyanya aende nyuma bila kumjua. Mimi namjua. Nilirudi Nairobi, nikafungua ile barua pepe, nikasoma tena "tunataka mazingira ya kifahari na utulivu", nikaona nyanya na habari zake za kufua hazitoshei. Nikamtoa. Nikabakisha glasi. Wiki iliyofuata akanipigia, mjukuu wa jirani amemwonyesha. Akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Mimi simo?" Nikamwambia ati sauti ilikuwa mbaya kwa sababu ya upepo.

Nimeandika haya juu nimechoka na huo uongo.

Sasa, maoni yangu. Najua mnangoja niseme hoteli hizi zifungwe, ni wakoloni mamboleo, tuzisusie. Sisemi hivyo, na nitawaambia kwa nini.

Asubuhi ya pili nilimkuta fundi anapaka ukuta wa nyuma. Ni kijana wa hapo hapo, amejifunza kwa babake. Alikuwa anatumia chokaa, nikamwuliza mbona asitumie simiti amalize haraka. Akanionyesha nyumba ya jirani, imepigwa simiti, ukuta umevimba na kubambuka kama mkate uliolowa. Jiwe la matumbawe linavuta unyevu na chumvi, na chokaa inaliacha lipumue. Ukilifunika kwa simiti, maji yanafungiwa ndani, na ukuta unaoza kutoka moyoni ukionekana mzima kwa nje. Lakini chokaa inataka muda, inataka fundi anayejua, na inataka kurudiwa. Yaani inataka pesa kila mara.

Sasa fikiria wewe ndiye mwenye hiyo nyumba. Babu alikufa, nyumba ni ya mirathi, warithi ni ishirini. Mmoja yuko Mombasa, wengine Muscat, London, Nairobi. Kila mtu ana sehemu yake, hakuna anayetaka kutoa pesa ya boriti. Na huwezi kuamka tu ukabomoa ujenge ghorofa, kwa sababu Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, linaangaliwa na Makumbusho ya Kitaifa. Sheria inakwambia usibomoe, lakini haikuletei fundi. Kwa hiyo nyumba inakaa. Mvua inaingia. Siku moja ukuta unalala barabarani. Au mtu anajenga ghorofa la simiti usiku usiku na baadaye ndiyo maswali yanaanza.

Si hadithi za kutishana. Zanzibar, Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, jumba la Beit al-Ajaib lililojengwa na Sultan Barghash mwaka wa 1883 liliporomoka sehemu moja Desemba 2020, na watu wakafa. Hilo lilikuwa jengo maarufu kabisa, linajulikana dunia nzima, na lilikuwa kwenye ukarabati. Sembuse nyumba ya marehemu Mzee fulani hapo Kibokoni.

Kwa hiyo mwekezaji akija akanunua nyumba iliyokuwa inakufa, akalipa mafundi wa chokaa, akaajiri vijana wa mtaa, mimi namshukuru. Nyanya mwenyewe alisema, tena akigonga ukuta kwa kiganja, "Angalau hii imesimama." Nyumba ambayo mamake alikuwa anapeleka nguo nyingine, mita chache kutoka hapo, sasa ni kiwanja cha kifusi na paka.

Lakini kuokoa ukuta si sawa na kuokoa nyumba. Hapo ndipo sitanyamaza.

Hoteli kama hizi hazituuzii kitanda. Kitanda kizuri utapata Nyali, na bwawa juu yake. Zinatuuzia historia. Hiyo 18,000 ni ya hadithi. Sasa kama unauza hadithi, uza ya kweli, juu hiyo ya uongo ni kama kuuza simu feki. Sultani hajalala ghalani. Mbuzi si kiti cha kutundika. Na nyumba kubwa za mawe hazikujengwa na "mafundi wa zamani" wasio na majina wakiimba kwa furaha. Pwani hii utumwa ulikuwa halali mpaka ulipopigwa marufuku mwaka wa 1907. Kwenye nyumba nyingi za zamani kulikuwa na watu waliobeba mawe, waliopika, waliofua, ambao hawakuwa na hiari ya kukataa. Wakaja baadaye watu kama mama wa nyanya yangu, ambao walilipwa, lakini kidogo, na kwa mlango wa nyuma. Hawamo kwenye kadi hata moja. Kwenye kadi kuna wafanyabiashara, masultani na "wasafiri wa baharini." Inaonekana Mji wa Kale mzima hakuna mtu aliyewahi kuosha sahani.

Watu husema wageni hawataki kusikia habari za huzuni wakiwa likizo. Mimi nasema mmewahi kujaribu? Juu ya lile paa kulikuwa na wageni wawili kutoka Ujerumani. Nyanya alipoanza kueleza ile kamba ya nguo, waliacha kahawa yao wakaja kusikiliza, mimi ndiye mkalimani. Mmoja alimwuliza maswali mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyeenda kutafuta Chumba cha Sultani.

Na kuna jambo lingine. Nyumba za Waswahili wa zamani zilikuwa na mahali pa mgeni. Lamu kuna chumba kilichoitwa sabule, kilichotengwa kwa wageni, na nje ya mlango kuna daka, mahali pa kukaa na anayepita kabla hujamjua ni nani. Mombasa una baraza la jiwe mpaka leo, watu wanakunywa kahawa chungu na kashata hapo jioni. Yaani jengo lenyewe lilichorwa likiwa na swali, "Akija mtu, atakaa wapi?" Sasa hoteli imechukua jengo hilo, ikaandika KARIBU NYUMBANI, halafu baraza la nje ikaliwekea kibao cha WAGENI WA HOTELI PEKEE. Wazee waliokuwa wakikaa hapo wamehamia ng'ambo ya kichochoro, wanakaa kwenye viti vya plastiki. Nilipita kati yao mara nne kwa siku mbili na begi langu la kamera kabla sijaelewa ninachokiona.

Kwa hiyo nikiulizwa ninataka nini, si mambo makubwa. Nataka baraza lirudi kuwa la mtaa. Nataka siku moja kwa mwezi, hata Jumapili ya mwisho, watu wa Mji wa Kale na watoto wa shule waingie bure waone ndani, juu ni nyumba zao za hadithi pia. Nataka bei ya Mkenya iandikwe kwa shilingi, tena isiwe siri ya kuuliza kwa simu. Nataka kabla kadi haijachapishwa, mtu ashuke chini awaulize wale wazee wa viti vya plastiki, na awalipe kwa maarifa yao kama anavyomlipa mpambaji kutoka Nairobi. Na nataka askari aambiwe kwamba mwanamke mzee wa buibui mwenye mfuko wa mahamri anaweza kuwa mgeni. Kwa kweli Mombasa, huyo ndiye mgeni wa kwanza kabisa unayepaswa kumtarajia.

Hayo yote hayafiki hata bei ya lile bafu la shaba.

Sasa nigeuke kwetu, sisi wa kamera.

Kuna methali mnaijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nililala siku mbili kamili, na siku ya tatu nikapewa jembe langu. Jembe lenyewe ni kusema uongo kwa watu wanaoniamini. Nyinyi mliangalia mkadhani nimelipa. Kuna dada aliniandikia kwamba amejiwekea malengo, anakusanya pesa afike pale kama mimi. Kama mimi! Huyo dada anaweka akiba kwa sababu ya kitu ambacho mimi sikulipia hata kikombe. Nilisoma ujumbe wake nikaweka simu kifudifudi.

Nimeamua hivi. Kuanzia leo, nikilala bure, nikila bure, nikipewa viatu, mstari wa kwanza utasema hivyo. Nimeshaongeza maandishi kwenye zile video tatu. Sikuzifuta, juu sifa nilizotoa kuhusu ukuta, upepo na chakula ni za kweli. Yule mpishi wa samaki wa kupaka anastahili kila neno. Nimeongeza tu kile kilichokosekana.

Niliwaandikia hoteli pia, kwa heshima, nikawaeleza kuhusu mlango, baraza, mbuzi na ghala. Nikajitolea kuwaunganisha na nyanya bila malipo. Walijibu kwa sentensi mbili: asante kwa maoni, na tafadhali kumbuka makubaliano yetu. Tangu nibadilishe maandishi hawajajibu tena. Kuna hoteli nyingine ya pwani ilikuwa imeanza kuongea nami, nayo imenyamaza. Labda ni mimi, labda ni msimu. Sitajifanya haiumi. Kodi ya mwezi huu nimelipa nusu, na mamangu alipoona maandishi mapya aliuliza, "Kwa hiyo hawakukulipa?" Stetasi ilikuwa imeshaisha masaa yake zamani, lakini nilihisi kama ameitoa upya.

Nilimwambia hapana, hawakunilipa. Nikamweleza na mengine, mpaka la mlangoni, ambalo nyanya hakuwa amemwambia. Akanyamaza muda mrefu kwenye simu. Huyo ni mamake. Halafu akasema, "Hiyo ya nyanya unayo bado?"

Ninayo. Sikuwa nimeifuta.

Juzi nikampigia nyanya. Nikamwambia ukweli kuhusu upepo, kwamba sauti yake ilikuwa safi kabisa na mimi ndiye niliyemkata, na nikamwomba msamaha. Akacheka kile kicheko cha mbuzi ukutani. Akasema alijua, kwa sababu tangu utotoni nikidanganya naongea haraka. Nikamwuliza kama naweza kuiweka sasa, yote, dakika kumi na moja.

"Weka," akasema. "Lakini ile buibui ilikuwa imekunjamana. Ungeniambia utanipiga picha, ningevaa nyingine."

Kwa hiyo tumekubaliana tutarekodi tena. Mwisho wa mwezi nachukua treni, siti ya 1,500 ile ile, ila safari hii nalala Likoni, kwenye mkeka sebuleni kwa nyanya, na feri ya kuvuka kwa mguu ni bure. Tutatembea kutoka Fort Jesus, Ndia Kuu, mpaka Kibokoni, yeye anaongea mimi nashika simu. Vichochoro havina kiingilio. Milango iliyochongwa unaiona kutoka nje bila kulipa dola. Viazi karai utanunua, hilo nakubali. Na kama wewe uko Mombasa na una mzee nyumbani anayekumbuka nani aliishi wapi, mrekodi wiki hii, usingoje hoteli ikuandikie.

Tukifika kwenye ile nyumba tutapita mlango wa mbele. Nyanya amesema atabeba mahamri tena, ya yule askari.